Wiki tatu mjini Delft: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa uhandisi wa rasilimali za maji

Mwanafunzi anayehusika katika kisa hiki alikuwa anamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam alipopata nafasi ya kuhudhuria kozi fupi ya majira ya joto mjini Delft, Uholanzi, mwezi Julai 2025. Kozi ilihusu udhibiti wa mafuriko katika miji iliyojengwa kwenye midomo ya mito. Ada ya masomo ilisamehewa na chuo mwenyeji, lakini tiketi ya ndege, malazi na chakula viliiangukia familia, ambayo ilichangishana kama inavyochangishana kwa ajili ya harusi, kila mchangaji akijiona ana haki ya kuuliza baadaye fedha yake imezaa nini. Swali hilo la wajomba na mashangazi ni halali, nami nimelichukua kuwa swali la uchambuzi huu: wiki tatu za masomo Ulaya zina thamani gani kitaaluma kwa mtu ambaye shahada yake yote inasomwa nyumbani, na thamani hiyo hutoka wapi?

Maoni yangu, baada ya kusoma ripoti yake yote na kuzungumza naye mara kadhaa, ni kwamba thamani ilikuwepo, na ilitokana zaidi na maandalizi yaliyofanyika Dar es Salaam kuliko na ratiba aliyopangiwa Delft. Hasara nayo ilikuwepo, na chanzo chake kilikuwa hapa hapa nyumbani, katika karatasi ambazo hazikusainiwa kwa wakati.

Uchaguzi wa mahali haukuwa wa kubahatisha. Delft imekuwa ikipokea wahandisi kutoka nchi nyingine kwa mafunzo ya maji tangu 1957, na Uholanzi ni mmoja wa wafadhili wa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, mto unaopita Dar es Salaam, pamoja na Benki ya Dunia na Hispania. Mwanafunzi mwenyewe amekulia Magomeni, si mbali na Jangwani, na alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwezi Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wapatao 40 jijini na serikali ikaamua kuwahamishia waathirika Mabwepande. Baada ya hapo aliona, kama tulivyoona sote, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikijengwa ndani ya bonde lile lile na kufurika mara kwa mara. Alipoandika barua ya kuomba nafasi hakueleza jinsi anavyoipenda fani yake. Aliandika swali moja lenye vipande vitatu: mtaro ukishajengwa, nani anausafisha, kwa fedha ya nani, na nini kinampata asiyeusafisha?

Kuhusu viza sina mengi ya kusema, maana utaratibu unaeleweka kwa anayeusoma mapema. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Uholanzi ikiwemo, humruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, maombi yanaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya afya inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45 faili likihitaji uchunguzi zaidi, na ndiyo maana mwanafunzi anayepeleka maombi mwishoni mwa Mei kwa safari ya mapema Julai anajitafutia presha bure. Jambo moja ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba kanuni za viza hiyo zinawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Ada hiyo imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Mwanafunzi wetu alikuwa ameshaitenga, lakini kwa kuwa barua ya chuo chake ilieleza waziwazi kwamba safari ni ya masomo, alilipia huduma ya kituo cha kupokelea maombi peke yake, na akiba ile ikawa nauli zake za treni.

Tatizo halisi lilikuwa kalenda. Majira ya joto ya Ulaya ndiyo kipindi ambacho wanafunzi wa uhandisi wa Tanzania huwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wiki 8 ambazo wanafunzi huziita fildi, zenye daftari la kumbukumbu za kila siku linalopaswa kusainiwa na msimamizi wa mahali pa kazi. Mwanafunzi aliomba wiki tatu za Delft zihesabiwe kuwa sehemu ya wiki hizo 8. Idara ilikataa, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa lengo la fildi ni kufanya kazi chini ya mwajiri na kozi ya darasani hailitimizi hata ikiwa na ziara nyingi. Kosa la idara lilikuwa kuchelewa kulisema hilo. Jibu lilitoka baada ya tiketi kununuliwa, na mwanafunzi akalazimika kuanza fildi akiwa amechelewa na kuimalizia wakati wenzake wameshaanza muhula wa kwanza wa mwaka wa nne.

Sasa nije kwenye kozi yenyewe. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mihadhara na ya kuonyeshwa mambo makubwa. Uholanzi ina mengi ya kuonyesha: karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta na kuua watu 1,836, msiba uliozaa miongo kadhaa ya ujenzi wa mabwawa na malango kusini-magharibi mwa nchi. Lango la Maeslant, karibu na Hoek van Holland, lilikamilika 1997. Lina mikono miwili ya chuma, kila mmoja ukishika ukuta wenye urefu wa mita 210, na kuta hizo huelea hadi katikati ya njia ya maji ya kuelekea Rotterdam na kuzama pale maji yanapotabiriwa kupanda hadi mita 3 juu ya kipimo cha kawaida cha nchi hiyo. Uamuzi wa kulifunga hufanywa na kompyuta, na mara ya kwanza kufungwa kwa uamuzi huo wakati wa dhoruba ilikuwa tarehe 21 Desemba 2023.

Kurasa zinazoeleza lango hili ndizo dhaifu kuliko zote katika ripoti ya mwanafunzi. Hazina kosa la kiufundi, ila hazina swali. Ni maelezo ambayo mtu angeweza kuyaandika akiwa Sinza na intaneti nzuri, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini kwamba kuona tu ni kujifunza. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu ukibeba mchanga na taka, unatandaa Jangwani na kumwagikia baharini penye Daraja la Salenda. Mafuriko yake hutoka juu, kwenye mvua na mmomonyoko wa udongo, na hakuna lango la baharini, hata liwe kubwa kiasi gani, litakalouzuia mchanga wa Kisarawe usijae kwenye mto.

Mambo yalibadilika katika wiki ya pili, walipotembelea bodi ya maji ya Delfland. Makao yake yako kando ya mfereji wa Oude Delft, katika nyumba ambayo bodi imeitumia tangu 1645, na taasisi yenyewe ina mizizi katika karne ya 13. Uholanzi leo ina bodi 21 za namna hii, wakati mwaka 1950 zilikuwa zaidi ya 2,500. Kila bodi huchagua wajumbe wake kwa kura za wananchi kila baada ya miaka minne, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika Machi 2023. Baadhi ya viti hutengwa kwa wakulima na kwa wenye maeneo ya hifadhi ya asili. Bodi hutoza kodi yake yenyewe, na kodi hiyo hutumika kwa matuta, mifereji, pampu na usafishaji wa majitaka tu, haiwezi kuchotwa ili kumalizia barabara. Mwanafunzi aliomba kuonyeshwa ankara ya kaya ya kawaida, akaonyeshwa, na ripoti yake inaeleza kila mstari wa ankara ile kwa umakini ambao mikono ya chuma ya Maeslant haikuupata.

Hapo ndipo vipande vya swali lake vilipoanza kupata majibu. Mfereji mkuu husafishwa na bodi kwa fedha ya kodi, lakini mitaro midogo inayopakana na mashamba na viwanja husafishwa na mwenye ardhi inayopakana nayo, kwa wajibu ulioandikwa kwenye kanuni za bodi. Kila mwaka, kwa kawaida wakati wa vuli, wakaguzi wa bodi hupita kuangalia. Anayekutwa mtaro wake umeziba hupewa muda wa kuusafisha, na akipuuza, bodi huusafisha kwa gharama yake. Utaratibu huu hauna maajabu yoyote ya kiteknolojia, na nadhani kwa sababu hiyo haukupata hata ukurasa mmoja katika kitini cha kozi.

Rasimu ya kwanza ya kazi yake ya mwisho ilipendekeza kuundwa kwa Bodi ya Msimbazi yenye kodi na uchaguzi, kwa mfano ule ule wa Delfland. Mhadhiri aliyemsimamia alimuuliza swali moja tu: nani hasa atatozwa kodi hiyo? Mwanafunzi anasema mazungumzo yaliyofuata yalichukua mchana mzima, na kwangu mchana huo una uzito kuliko ziara zote. Bodi za Uholanzi zilianzishwa na watu waliokuwa na ardhi inayotambulika na hatari inayofanana, kwa kuwa tuta likivunjika hufurika shamba la jirani na la mwenye tuta pia. Kwenye Msimbazi, wanaofurika wako Kigogo, Mkwajuni na Jangwani, wengi wao wapangaji au watu wasio na hati ya kiwanja, wakati sehemu kubwa ya mchanga na taka hutoka juu ya bonde, kwa watu ambao hawajawahi kuamka usiku na kukuta maji yamefika kitandani. Kumtoza kodi aliye chini kwa ajili ya uchafu wa aliye juu kungekuwa dhuluma, na kumtoza aliye juu kwa manufaa asiyoyaona kungehitaji nguvu ya kisheria ambayo haipatikani kwa kuiga muundo wa nchi nyingine.

Kisha lilikuja swali la taasisi zilizopo. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 yenye bodi zake, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua pamoja na jumuiya za watumia maji, na Msimbazi uko ndani ya Bonde la Wami/Ruvu. Lakini mfumo huo umejengwa zaidi juu ya nani anatumia maji na kwa kibali gani kuliko juu ya nani anaathiriwa maji yanapozidi. Mitaro ya barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, taka ziko chini ya halmashauri, na mto unapita katika halmashauri zaidi ya moja kabla ya kufika baharini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini yeyote aliyepita Vingunguti, kando ya mto huo, anajua umbali uliopo kati ya maandishi na ardhi. Mwanafunzi aliyajua haya yote kabla ya kusafiri, maana yamo kwenye masomo yake ya mwaka wa pili. Alichokosa ni kitu cha kuyalinganisha nacho, na Delft ikampa.

Ziara ya Nijmegen iliongeza jambo jingine. Huko, katika mpango wa kuipa mito nafasi, tuta la mto Waal upande wa Lent lilisogezwa mita 350 kuelekea bara na mkondo wa pili ukachimbwa. Kaya zipatazo 50 zililazimika kuhama. Mazungumzo na wakazi yalichukua miaka, na wapo waliopinga hadi mwisho. Mwanafunzi aliandika kwamba aliondoka huko akiwa na wivu na mashaka kwa pamoja. Wivu ulitokana na muda ambao wakazi walipewa wa kusikilizwa, na mashaka yalitokana na idadi yenyewe, kwa kuwa kaya 50 unaweza kukaa nazo ukumbini na kuzisikiliza moja moja, ilhali bonde la Msimbazi lina maelfu ya nyumba. Sentensi hiyo aliiandika mwenyewe bila kuongozwa, na ningempa alama kwa ajili yake peke yake.

Hali ya hewa nayo ilifundisha ambacho ratiba haikukipanga. Majira ya machipuko ya 2025 yalikuwa makavu kupita kawaida nchini Uholanzi, na wanafunzi waliokwenda kujifunza mafuriko walikuta wenyeji wanazungumzia ukame. Matuta mengine ya nchi hiyo yamejengwa kwa udongo wa mboji, ambao ukikauka sana huwa mwepesi na kupasuka. Agosti 2003, mjini Wilnis, tuta la namna hiyo liliteleza bila mvua wala dhoruba na maji ya mfereji yakaingia kwenye makazi. Tangu hapo bodi hupeleka watu kutembea juu ya matuta wakati wa kiangazi kutafuta nyufa. Kundi la mwanafunzi lilifanya zoezi hilo, kwa miguu na kwa fomu ya karatasi. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba matengenezo ni jambo la kusubiri masika yakaribie, zoezi hilo lilikuwa na manufaa kuliko lilivyoonekana kwa wenzake waliolalamikia jua.

Maisha ya kila siku nitayapitia kwa haraka. Mwezi Julai jua huzama huko karibu saa nne usiku, na kwa Mwislamu maana yake ni kwamba sala ya Isha huangukia karibu na saa sita na usingizi hukatika mapema kwa Alfajiri. Mwanafunzi alisinzia darasani wiki nzima ya kwanza kabla hajapanga namna ya kulala mchana. Mkate mkavu na jibini saa ya chakula cha mchana ulimshinda, akanunua mchele. Baiskeli aliikodi. Upweke ulikuwepo lakini haukuwa mkubwa, na sioni sababu ya kuukuza: wiki tatu ni chache mno kwa mtu kuzoea mahali, na ni chache vilevile kwa mahali kumuumiza.

Suala la mikopo ya masomo, yaani krediti zinazopima uzito wa somo na si fedha za kukopa, linastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo kisa kilipoharibika. Chuo mwenyeji kilimpa cheti chenye mikopo 4 ya mfumo wa Ulaya. Kamati ya idara yake ilipokutana iliisoma namba 4, ikaona kwamba hakuna somo la mwaka wa nne lenye mikopo 4, na ikaamua kwamba cheti hakiwezi kufidia chochote. Uamuzi huo ulichanganya vipimo viwili tofauti. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mzima wa masomo una mikopo 60, na Uholanzi huhesabu mkopo mmoja kuwa saa 28 za kazi ya mwanafunzi, ikijumuisha kujisomea. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mkopo mmoja ni saa 10, na mwaka una mikopo 120.

Ukilinganisha kwa sehemu ya mwaka, mikopo 4 ya Ulaya ni sawa na mikopo 8 ya Tanzania. Ukilinganisha kwa saa, 4 mara 28 ni saa 112, yaani mikopo 11 na kidogo. Tofauti kati ya 8 na 11 inatokana na ukweli kwamba mwaka wa Uholanzi, kwa hesabu za karatasini, una saa 1,680 na wa kwetu saa 1,200. Mtu anaweza kubishana njia ipi ni ya haki. Mimi naegemea sehemu ya mwaka, kwa kuwa saa za kujisomea ni makadirio kila mahali na kila mfumo una namna yake ya kuyatia chumvi. Lakini hakuna njia yoyote inayoleta jibu la 4. Mwanafunzi alikata rufaa akiwa na ukurasa mmoja wa hesabu hii, na kamati ikakubali mikopo 8, sawa na somo moja la hiari.

Somo hilo moja la hiari ndilo faida pekee inayoonekana kwenye matokeo yake, na kwa gharama ya safari ni faida ndogo. Ungeweza kusema kwamba angelipata bila kutoka Dar es Salaam, na ungekuwa sahihi. Makubaliano ya masomo, yaani karatasi inayotiwa saini na vyuo vyote viwili kabla ya safari ikieleza mikopo mingapi itatambuliwa na badala ya somo gani, yangemwepusha na rufaa na pengine yangemruhusu kuchagua kozi yenye uzito zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi hiyo ipo. Chuo mwenyeji kilidhani chuo chake kinajua, na chuo chake hakikuwa na mtu mwenye jukumu la kujua.

Nilipolinganisha ripoti yake na ya mwenzake wa kozi hiyo hiyo, aliyetoka nchi nyingine na kusoma mihadhara ile ile, niliona kwamba ya mwenzake ina picha nzuri zaidi za malango na haina hitimisho hata moja linalohusu nyumbani kwake. Wote wawili walifaulu. Waandaaji wa kozi hawana namna ya kupima tofauti hiyo, na labda si kazi yao.

Mradi wa mwaka wa nne wa mwanafunzi huyu sasa unahusu mitaro ya kata ya Kigogo. Anatumia ramani huria za mitaro ambazo wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi walianza kuzichora mwaka 2015, na anazunguka na wenyeviti wa mitaa kuuliza, mtaro kwa mtaro, nani aliusafisha mara ya mwisho na alilipwa na nani. Kodi imeondolewa kabisa kwenye pendekezo lake. Anachunguza kama ada ya taka ambayo kaya tayari zinalipa inaweza kutengewa sehemu ya mitaro, na msimamizi wake ameshamuonya kwamba wakandarasi wa taka hawatalifurahia swali hilo. Idara, kwa upande wake, imetengeneza fomu ya ukurasa mmoja kwa wanaotaka kwenda kozi za nje wakati wa likizo ndefu. Inahitaji saini ya mratibu wa fildi, ya mkuu wa idara na ya chuo mwenyeji, na mstari wake wa mwisho unasema isijazwe baada ya tiketi kununuliwa.